Swali la Choo cha Kuka

Naliaka,

Salamu ni za watu walio mbali, na wewe bado uko chumba cha pili unakunja nguo na kuimba kwa ile sauti unayodhani hatuisikii. Kwa hivyo salamu nitaziruka. Nitaruka pia habari za blanketi, za maji ya kuchemsha na za wanaume wa Bungoma. Hayo shangazi zako wamekwambia mpaka masikio yamechoka, na kama hukuyashika kwao hutayashika kwangu. Mimi nina jambo moja tu, nalo linanitesa tangu tulipokula.

Ulipofungua kompyuta yako pale mezani, kati ya ugali na bakuli la mrenda, ukasema, "Mum, cheki. Hii si ni yako?" nilijua kabla hujaigeuza upande wangu. Ulikuwa mpango wa tathmini ya vyoo vya Sirisia, huko Bungoma. Jina langu liko chini ya ukurasa wa kwanza, na la Anti Zuhura liko chini ya langu. Ukasema mkubwa wako mpya amekutumia uusome kabla hujaripoti, kwa sababu mradi mwingine wa vyoo unaanza huko huko, na mpango huu ni mzuri hivi kwamba hauna haja ya kuandikwa upya. "Ati nibadilishe tu tarehe na majina ya vijiji," ukacheka. "Si nitakuwa nimeanza kazi na msaada wa mamangu, bana?" Baba yako akapiga makofi. Mimi nikasimama nikaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa bado ina ugali.

Ulidhani nimeumia kwa sababu unaondoka. Ni kweli nimeumia kwa sababu unaondoka, lakini hilo ningelivumilia nimekaa. Kilichoniinua ni kwamba mpango ule ulikuwa na swali moja ambalo sasa halimo, na mimi ndiye niliyelifuta. Ukibadilisha tarehe tu, utakuwa umelifuta mara ya pili, na safari hii jina litakuwa lako.

Acha nikueleze vile ilivyokuwa.

Nilipotoka kwetu Misikhu kuolewa Sirisia, mama yangu alinifunza namna ya kuishi na baba mkwe. Usimpe mkono. Usikalie kiti chake. Ukimwona anakuja njia moja nawe, mpishe kwa mbali. Na choo anachoingia yeye, wewe huingii. Hili la mwisho hata hakulisema kwa maneno mengi, alinitazama tu kidogo nami nikaelewa. Sikuliona kama mzigo. Ilikuwa heshima, na mpaka leo kuna siku naona heshima ile ina uzuri wake. Kuka wenu, vile mnavyomwita nyinyi wajukuu, hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja. Nikisikia kikohozi chake uani nilijua ananionya kwamba anapita, ili nami nijisitiri. Tulipendana hivyo, kwa kukwepana.

Kisha nikapata kazi hapa Kitale, katika ofisi ya mradi uliokuwa ukigawa slabu za vyoo, zile sakafu za zege za kufunika shimo. Boma likichimba shimo, tunalipatia slabu. Kuka alikuwa wa kwanza kijijini kuchimba. Alichimba mwenyewe, mzee yule, akaezeka mabati mapya, akapaka mlango rangi ya buluu iliyobaki kanisani kwao. Wageni wakija, kabla ya chai walionyeshwa choo. Wewe mwenyewe ulijifunza kusema neno "buluu" kwa sababu ya mlango ule.

Baada ya muda ofisi ikataka tathmini, nami nikapewa kuipanga. Uamuzi uliokuwa ukisubiri majibu yetu ulikuwa mmoja: mradi ubaki Sirisia, au slabu zilizobaki zipelekwe kwingine. Nataka ulishike hili, kwa sababu kwenye ule mpango uliousoma halionekani popote. Tuliandika malengo, tukaandika vipimo, tukachora na jedwali zuri la miezi. Hatukuandika mahali popote kwamba jibu letu likiwa "kazi imekwisha", kuna watu ambao hawatapata slabu tena.

Tulipokuwa bado tunapanga, mimi na Zuhura tulienda kuangalia vijiji, tukalala kwa Kuka. Unamjua Anti Zuhura, hata ukimficha kitu atakuuliza kimenunuliwa wapi. Yeye ni mtoto wa mjini, amekulia hapa Kitale karibu na msikiti, na mambo ya wakwe zetu hayajui. Asubuhi alitoka kwenye mlango wa buluu akanikuta natoka kwenye mahindi, leso imelowa umande mpaka magotini.

"Wewe umetoka wapi?"

"Kuangalia mahindi."

"Mahindi ya nani saa hizi, na leso ya kulalia?" Akatazama choo, akanitazama mimi. "Kwani hiki kina nini? Ni kisafi kushinda changu."

Nikamwambia anyamaze, mzee atasikia. Akanyamaza, jambo ambalo kwake ni muujiza. Lakini tuliporudi ofisini, siku ya kuandika maswali, aliandika hivi kwa mkono wake: "Ni nani katika boma hili asiyetumia choo hiki, na kwa nini?" Akanisukumia karatasi.

Nikalikata. Nilimwambia, mbele ya wenzetu wote, kwamba mzee wa Kibukusu haulizwi swali kama hilo. Nikasema atatufukuza bomani na kijiji kizima kitatufungia milango. Wenzetu wakaniamini, kwa sababu mimi ndiye mwenyeji, na mwenyeji ndiye anajua. Ningekuwa mgeni wangebishana nami. Zuhura peke yake alitikisa kichwa. "Mficha uchi hazai, dada," akasema, kisha akageuza ukurasa tukaendelea na mambo ya mafuta ya gari.

Naliaka, nililosema kuhusu wazee lilikuwa la kweli. Ndiyo maana lilinifaa. Lakini halikuwa sababu yangu. Sababu yangu ni kwamba swali lile lilikuwa linaniuliza mimi. Mimi mwenye cheti ukutani, ninayepanda gari la mradi kwenda kufunza watu habari ya vyoo, nilikuwa naenda kwenye mahindi kila nikiwa nyumbani kwa mume wangu. Niliona haya. Nikaifunika haya yangu kwa heshima ya mzee.

Tukaenda kuuliza maswali yetu wakati wa kiangazi, mahindi yamekwisha kuvunwa, kwa sababu barabara ni kavu na gari linapita vizuri. Boma la Kuka sikuliuliza mimi, nilimtuma kijana mwenzetu. Je, mna choo? Tuko nacho. Kinatumika? Kinatumika. Mzee hakudanganya. Yeye alikitumia, Kukhu mke wake alikitumia, wajukuu walikitumia, wageni walikitumia. Tukaandika ndiyo. Na boma baada ya boma kulikuwa na mzee mwenye choo kizuri, na nyuma ya nyumba, wake za wanawe wamesimama kimya na sinia za chai. Mimi niliwapita nikiwasalimia kwa jina, nikijua kila mmoja anakoenda alfajiri.

Kijiji kikatangazwa kwamba kimemaliza kujenga vyoo. Mbuzi akachinjwa, kibao kikasimamishwa njia panda, na slabu zikapakiwa zikaenda kwingine. Baba yako mdogo alikuwa amejichimbia choo chake nyuma ya nyumba, kwa ajili ya mke wake Nanjala. Mvua ya kwanza udongo ukaporomoka shimoni. Alipokuja ofisini kuomba slabu na mawe ya kuzuia ukuta, aliambiwa kwa upole kwamba kijiji chake kimeshatosheka. Aliyemwambia alimwonyesha ripoti yangu. Shemeji yangu akarudi nyumbani bila kupita kwangu, wala sikumlaumu.

Msimu huo huo wa mvua maji ya mto yakachafuka na watoto wakaanza kuharisha. Nanjala alikuwa na kijana mdogo, Wafula, ambaye wewe ulimwita Fula kwa sababu ulikuwa unakula nusu ya kila jina. Mlikuwa mnagombania gurudumu la baiskeli. Fula akafariki.

Siwezi kukuthibitishia kwamba Fula alikufa kwa sababu ya swali nililolikata. Mtu wa kazi yetu hapaswi kusema asichoweza kuonyesha, na maji yale yangeweza kuchafuliwa na mambo mengi. Hiyo ndiyo adhabu yenyewe, mwanangu. Tungekuwa tumeuliza, leo ningejua kama ni kosa langu au si kosa langu. Hatukuuliza, kwa hivyo nimebaki nayo yote mawili.

Baada ya mazishi nilimfuata Nanjala jikoni nikiwa na maneno yangu ya pole. Alikuwa anapepeta maharagwe na hakuinua kichwa. "Mulikuja hapa na gari mukahesabu choo ya mzee," akasema. "Si wewe ulijua, dada? Si ata wewe tunaendanga na wewe kwa mahindi?" Nikasema ndiyo. "Sasa uliandika nini?" Akanipa ungo nipepete, nikapepeta, tukakaa hivyo mpaka watu wakatuita nje. Hajawahi kulirudia neno lile. Kila nikienda ananipikia, ananicheka vile nimenenepa, ananifungia kuku wa kubeba. Na mimi kila nikienda nangoja aniulize tena, naye haulizi.

Utaniuliza nilifanya nini baada ya hapo. Hicho ndicho kinachonichoma zaidi. Sikufanya lolote. Mpango ule ulisifiwa. Nikaitwa kuwafunza wengine namna ya kuupanga, nikasimama mbele za watu na kalamu, na swali lile sikulitaja. Kila mara nilijiambia nitalirudisha safari ijayo, katika mradi ujao, nikiwa na muda. Kumbe mpango nao una miguu yake. Umetembea ofisi kwa ofisi mpaka leo umeingia nyumbani kwangu, umebebwa na binti yangu, nami nikakimbilia sufuria.

Najua utasema muda ni mfupi. Ulishasema, ukihesabu kwa vidole wiki ulizopewa. Najua huwezi kupima kila kitu, na mtu anayetaka kupima kila kitu hamalizi hata kimoja. Lazima uchague. Ila mimi nimejifunza, kwa gharama ambayo si mimi niliyeilipa, kwamba kuchagua maswali hakuanzi na maswali. Kaa kwanza na mkubwa wako umuulize kuna uamuzi gani unaongoja, nani atauamua, na tukipata jibu baya atafanya nini. Akikwambia kwamba jibu lolote litakalotoka mradi utaendelea vile vile, basi mnaandaa mapambo. Akikwambia kuna kitu kitabadilika, tafuta ni nani atakayeumia kikibadilika vibaya, halafu anza na huyo. Mimi nilianza na waliokuwa na choo.

Na wakati wa kwenda uuchague wewe, usichaguliwe na gari. Nenda mara moja mahindi yakiwa juu na mara moja yakiwa yamevunwa. Utaona vijiji viwili tofauti mahali pamoja: kimoja kina pa kujifichia alfajiri, kingine hakina.

Lakini kubwa ni hili, nalo halikunijia siku zile kwa sababu nilikuwa nimejishughulisha kujificha. Niliwaambia wenzangu kwamba mzee haulizwi swali hilo. Nilikuwa nimesema nusu. Mzee haulizwi swali hilo na mkaza mwana wake, wala na kijana mgeni aliyevaa kitambulisho shingoni. Mjukuu je? Wewe unamwita Kuka "bwana yangu", unamvua kofia mbele ya watu, unamwambia meno yake yamekimbilia Uganda, naye anacheka mpaka anakohoa. Kwetu mjukuu hana haya na babu yake, na babu hana haya na mjukuu. Jambo ambalo mimi nisingemuuliza hata kwa kifo, wewe unaweza kumuuliza ukimkata kucha. Wasichana na vijana wa namna yako wako kila kijiji. Wake wa boma nao wazungumze na mke mwenzao wa kuolewa, huko jikoni, bila mwanaume wa kuandika. Katika mpango wako, kabla hujaandika swali, andika nani anamuuliza nani. Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu yamekuja kweli na mjukuu wa Kuka, na ana kazi Bungoma.

Baba yako amesoma mpaka hapa juu ya bega langu na hajapenda. "Mwache mtoto afike kwanza," amesema. "Unataka aingie ofisi ya watu siku ya kwanza na kuwaambia mpango wao ni mbovu? Na amepewa kandarasi ya majaribio?" Ana haki. Mkubwa wako anaweza kukasirika. Mradi mpya umejengwa juu ya habari kwamba ule wa kwanza ulifaulu, na ukiuliza vizuri unaweza kukuta haukufaulu. Hakuna anayempenda mtu wa kuleta habari hiyo, hasa akiwa mgeni na msichana. Inawezekana wakakurudisha Kitale kabla hujazoea njia ya sokoni. Nimekaa na kalamu nikijiuliza kama hapa ninakupa ushauri au ninakutwika tu mzigo ulionishinda mimi. Sijui. Nadhani ni vyote viwili, na ninaogopa.

Ningeweza kunyamaza. Nimezoea. Lakini juzi Nanjala alinipigia simu akiwa na furaha. Kijana wake mkubwa, yule kaka yake Fula, ameleta mke nyumbani, msichana mpole wa upande wa mlimani, na ana mimba. Nanjala akaniambia vile msichana anajua kupika, vile anaamka mapema kuliko kuku. Anaamka mapema. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu. Baba mkwe wake sasa ni baba yako mdogo, na Kuka bado yupo, na boma lote bado lina choo kimoja chenye mlango wa buluu. Hakuna aliyeniambia msichana yule anaenda wapi alfajiri. Mvua zinakuja, naye anatembea na mtoto tumboni kwenye njia ile ile niliyotembea mimi.

Kwa hivyo usibadilishe tarehe. Rudisha swali la Zuhura kama alivyoliandika. Mkubwa wako akiuliza ni nani amesema mpango ule una kasoro, mwambie ni mwenye kuuandika, na anipigie simu. Akitaka nije nitakuja, nitasema kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya yeyote. Wakikurudisha kwa sababu ya hili, chumba chako ni kile, na nitakupikia mrenda bila kukuuliza chochote.

Boma la kwanza liwe la kwetu. Kaa na Kuka umtanie kwanza, halafu umuulize. Ataumia kidogo. Choo kile ndicho fahari yake, na hakumkataza mtu yeyote kukiingia, tulijikataza wenyewe kwa kumpenda. Mshike mkono akijibu, wewe unaruhusiwa. Jibu langu liandike kuanzia sasa, usingoje: mkaza mwana wa kwanza, hatumii, hakuwahi kutumia.

Kisha nenda jikoni kwa Nanjala, umuulize na yeye. Usiwe na haraka, mpe nafasi amalize kupepeta. Atakueleza yote, na mwishoni atakwambia kwamba mama yako alijua.

Usinitetee. Andika.

Mama yako